Nilivyouziba Mkono Wangu kama Boti

Kama umeketi sasa hivi kwenye benchi la hospitali, mkono umeufunga kitambaa, na kichwani unapanga maneno ya kumwambia daktari, nisome kwanza. Mimi nilikaa kwenye benchi hilo tangu katikati ya kiangazi hadi mvua zilipokolea, na nusura niache hapo mkono wangu wa kulia. Jeraha lenyewe lingepona mapema. Mdomo wangu ndio ulioliharibu.

Mimi ni fundi wa maboti. Nimezaliwa Simbo kwa wakulima, lakini jembe lilinishinda mapema, nikakimbilia Ujiji kujifunza kazi ya mbao mwaloni, pale vyombo vinapofikia. Ninayosimulia yalitokea miaka ile ya wakimbizi. Watu walivuka ziwa kutoka Kongo wamejazana kwenye maboti, wengine wakaja kutoka Burundi kwa miguu na magodoro kichwani, na mji ukawa hauna pa kutema mate. Kila mwenye boti alitaka jingine. Sisi mafundi tulikuwa na kazi hadi tunazikataa, na mtu akiombwa namna hiyo huanza kujiona.

Kashindi alivuka mwanzo wa kiangazi kile yeye na mkewe. Walishuka na mfuko mmoja wa gunia, na vijana wa mwaloni walipomsaidia kuushusha, ukawatoka mikononi kwa uzito. Ndani hamkuwa na nguo wala sufuria. Mlikuwa na jiliwa, chuma chenye taya mbili, parafujo nene katikati na mkono wa kuzungusha. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mtu anakimbia vita amebeba chuma!

Lakini mimi nilijua kile chuma kinafaa nini. Ukitengeneza boti, ubao lazima uukunje ufuate mataruma, yaani mbavu za chombo, na ubao haupendi kukunjwa. Sisi tulikuwa tunaulazimisha kwa kamba na kabari, watu wanne wanavuta na kutukanana. Kashindi aliliweka jiliwa lake kwenye taruma, akazungusha mkono, ubao ukaja taratibu ukalala. Akimaliza hapo analifungua, analibeba begani, analihamishia boti lingine. Nikamchukua siku ileile.

Shida yake ilikuwa masharti. Kabla ya kubana, anafuta taya kwa kitambaa kikavu. Anaweka kipande cha mbao kati ya chuma na ubao. Anakaza, anarudi nyuma, anaugonga ubao kwa nyundo ya mti, anasikiliza, kisha anakaza tena. Jua likishachomoza vizuri anarudi kukaza mara ya tatu. Na hakuna ruhusa mtu kupitisha mkono nyuma ya ubao hadi yeye mwenyewe aseme, "Sasa shika." Vijana wakawa wanamtania kwamba jiliwa la Kashindi lina udhu, usiliguse kabla hujatawadha. Nilicheka nao, ila moyoni sikupenda. Mimi ndiye mwenye kazi, halafu mgeni wa juzi ndiye wa kuniambia lini nishike ubao wangu!

Sasa niseme habari ya mawese. Kwetu mawese ni kila kitu. Tunayapikia maharage na samaki, tunayafanyia sabuni, mtoto akikohoa tunampaka kifuani, bawaba ya mlango ikilia tunaidondoshea. Na kwenye boti tunalowekea pamba katika mawese, kisha tunaishindilia kwenye mapengo ya mbao ili maji yasipite. Kazi hiyo ya kuziba mimi sikuwa na mpinzani mwaloni pote. Kwa hiyo parafujo ya jiliwa ilipoanza kulia, nilichovya kidole kwenye bakuli nikaipaka. Kashindi aliona.

"Ndugu Fundi," aliniambia mbele ya watu, "hii chuma hapana kupaka mafuta ya kula. Asubui inashikaka muzuri, jua ikiwaka inaachiaka."

"Mbona bawaba zangu haziachii?" nikamjibu. Watu wakacheka. Yeye akachukua kitambaa, akafuta parafujo yote, uzi kwa uzi, akaendelea na kazi.

Siku ya balaa hakuwepo. Wakimbizi waliitwa kwenda kuandikisha majina, akaondoka alfajiri, akaniachia jiliwa kwa mkono wake. Nikaona leo ndiyo siku ya kufanya kazi bila khutuba. Nikapaka mawese kwenye parafujo na kwenye taya zenyewe, kwa ukarimu kabisa. Asubuhi za kiangazi ziwa linatoa baridi, na mawese ya baridi huganda kama samli. Nikabana ubao, nikakaza, ukasimama kama umepigwa misumari. Sikuweka kipande cha mbao, sikugonga, sikurudia. Ilipofika saa nne jua limeshawaka mgongoni kwangu, nikapitisha mkono nyuma ya ubao kupapasa kama pengo limefunga. Mawese yalikuwa yameshayeyuka, na mimi sikuwa na habari.

Taya ziliteleza bila mlio. Ubao ulichomoka kurudi ulikotoka, ukanibana kiganja kwenye nguzo ya kuegemezea boti, na kwenye nguzo ile kulikuwa na msumari uliochomoza. Uliingia chini ya kidole gumba ukazama wote.

Walipousogeza ubao, damu ilitoka kwa kuruka. Kando yangu kulikuwa na lile bakuli la pamba iliyolowa mawese. Nilifanya ambacho mikono yangu ilikuwa imezoea kufanya miaka yote. Nilichukua pamba, nikaisokotea kwenye tundu, nikaishindilia kwa kidole, nikaongeza nyingine juu yake, nikashindilia tena, kama ninavyoziba boti. Damu ikakata. Mzee mmoja akasema, "Fundi ni fundi tu." Na mimi, katikati ya maumivu yale, nikaona fahari.

Wakaniuliza imekuwaje. Nikasema, "Jiliwa limekufa. Chuma chenyewe cha Kongo, kibovu." Sikupanga kusema hivyo, maneno yalitoka yenyewe. Lakini yakishatoka yametoka. Hadi alasiri mwalo mzima ulikuwa unasema mkimbizi karibu amuue Fundi Yasini. Miaka ile neno la mwenyeji lilikuwa zito na la mgeni lilikuwa jepesi. Kashindi aliporudi kutoka kuandikisha, vijana walimtupia gunia lake miguuni. Aliokota jiliwa, akapitisha kidole kwenye taya, akakinusa. Kisha akanitazama. Nilingoja aseme. Alisema, "Pole, ndugu," akaweka jiliwa begani, akaondoka. Pole ile iliniuma kuliko msumari.

Siku ya tatu niliivuta ile pamba, nikaosha kwa maji ya chumvi, na juma halijaisha ngozi imeshafunga safi. Nilimwonyesha mke wangu Mwajuma, nikajisifu. Alichukua ndoo akatoka. Mke wa Kashindi alikuwa akiteka naye maji bombani, na tangu siku ile yule mama alikuwa hamwangalii usoni.

Baada ya hapo kiganja kilianza kupiga, hasa chini ya gumba, kama moyo mwingine umeingia humo. Kikavimba, kikawa chekundu, kikawa cha moto. Tukaenda zahanati. Mganga, mzee wa Kiha mwenye miwani iliyofungwa uzi, alitusalimu "Mwakeye," akaushika mkono, akauliza nilichomwa na nini. Nikasema msumari. Akauliza, "Uliweka kitu chochote ndani?"

Mwajuma alikuwa amekaa pembeni yangu. Nikisema pamba ya mawese, ataniuliza kama jiliwa nalo nililipaka, maana habari ya onyo la Kashindi ilikuwa imemfikia. "Maji ya chumvi tu," nikasema.

Nikachomwa sindano ya pepopunda na sindano za penisilini, asubuhi na jioni, siku tano. Uvimbe ukashuka. Nilipomaliza, ukapanda tena, mkubwa kuliko wa kwanza. Hilo ndilo nililohesabia siku zangu kiangazi kile. Sindano siku tano, nafuu siku nne, uvimbe. Vidonge, nafuu siku tatu, uvimbe. Mganga akanipasua mara ya kwanza, usaha ukatoka robo kikombe, nikalala kama mtoto. Kabla wavuvi wa dagaa hawajarudi ziwani kwenye giza la mwezi mwingine, mkono umejaa tena. Akanipasua mara ya pili. Kila mara aliuliza lile swali lake, na kila mara nilimpa jibu lilelile, hadi likawa linatoka kama salamu.

Mtu asikudanganye kwamba mkono ni mkono tu. Vidole vyangu vilinenepa kama ndizi mzuzu, kucha zikawa za buluu. Nilishindwa kufunga kishikizo. Nilishindwa kula kwa mkono wa kulia, na kwa mtu wa Ujiji kula kwa kushoto mbele ya watu ni aibu kubwa, kwa hiyo Mwajuma akawa ananilisha mlango umefungwa. Kisha ikaja harufu. Niliizoea mwenyewe, lakini binti yangu Asha, aliyekuwa na miaka mitano, siku moja aliinuka jamvini akachukua sahani yake akaenda kukaa karibu na mlango. Mama yake akamkaripia. Mtoto akasema, "Baba ananuka." Niligeuza uso ukutani nikalia.

Nikawa mkali. Chai ikichelewa nagomba, ikiwahi nagomba. Mwajuma alivumilia, halafu siku moja aliweka bakuli chini akasema, "Baba Asha, kuna neno umelimeza. Mimi si daktari, lakini mtu mwenye neno tumboni namjua." Nikamwambia anyamaze.

Mvua zikaanza. Boti langu lilikuwa bado juu ya magogo, nusu mbavu tupu, na ule ubao ukaanza kujikunja unavyotaka wenyewe. Asubuhi moja nilipovua shati niliona mstari mwekundu umetoka kwenye kifundo cha mkono unapanda kuelekea kiwiko, na kwapani mtoki umetuna kama yai. Mganga alipoona alivua miwani. Akaandika barua ya hospitali ya mjini Kigoma, akasema, "Nendeni sasa hivi. Msipitie nyumbani."

Ukumbi wa kungojea ulijaa hadi varandani. Watu walilala sakafuni juu ya vitenge, watoto wenye surua, wazee waliovuka juzi na hawajui Kiswahili cha huku. Kulikuwa na Kirundi, Kibembe na Kifaransa cha kuokoteza, na muuguzi mmoja akipita katikati yao akiita majina asiyoweza kuyatamka. Mwajuma alinikalisha ukutani. Nilitetemeka meno yakigongana, na jasho likinitoka.

Daktari alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya kuchoka. Aliubonyeza mkono, akafuata mstari kwa kidole, akapapasa kwapa. Hakunizungusha.

"Tutakupa dawa ya mshipa leo. Kesho asubuhi nitaangalia. Mstari huu usiposhuka, nitakata gumba na kipande cha kiganja. Ukiwa umepita kiwiko, nitakata mkono, maana nikiuacha utakufa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, daktari."

"Hili jeraha linanishangaza. Linafunga, linafumuka. Kuna kitu kiliingia humo?"

Mwajuma alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake. "Msumari ulitoka wote," nikasema. Maneno yale yalikuwa kweli, na ndiyo maana nilijichukia.

Nikarudishwa ukumbini na dripu ikining'inia kwenye msumari wa dirisha, maana vitanda vilikwisha. Fundi asiye na gumba hashiki nyundo wala patasi. Nilikaa nikiukunja na kuukunjua mkono wa kushoto, nikijaribu kuuona unashika randa. Haukushika. Niliogopa, nasema wazi, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa ziwani.

Pembeni yangu alikaa mama wa Kirundi, miguu imepasuka kwa safari, amempakata mtoto aliyeungua mguu kwa uji. Aliona natetemeka, akanifunika bega kwa upande wa kitenge chake. "Ihangane, muvyeyi," akasema, yaani vumilia, mzazi. Muuguzi alipomfikia alimuuliza amempaka nini mtoto. Yule mama akaanza kuhesabu kwa vidole, kwa Kiswahili cha kuvunjika, bila kuinamisha macho. Jivu. Asali. Majani ya njiani, akayataja. Kinyesi cha ng'ombe, siku moja. Muuguzi akapiga kelele, "Kinyesi, mama! Kinyesi!" Ukumbi mzima ukageuka. Yule mama akajibu, "Ndiyo. Sikuwa na kingine. Sasa mumponye." Muuguzi akaandika yote, akaenda akarudi na sindano na dawa nyingine tofauti na ile aliyokuwa ameishika.

Nilimtazama yule mama. Alikuwa amepoteza nyumba na nchi, na hakuona haya kutaja kinyesi mbele ya watu mia ili mguu wa mwanawe upone. Mimi nilikuwa nalinda nini?

"Mwajuma," nikasema, "mwite daktari. Na wewe usiondoke, usikie."

Nilisema mbele yao wote wawili. Nilisema jiliwa lilikuwa zima. Nilisema mawese nilipaka mimi baada ya kukatazwa, nikatia mkono nyuma ya ubao bila kukaza tena, na nilipotoboka nikaliziba tundu kwa pamba ya mawese kama boti. Nilisema niliivuta siku ya tatu, lakini sikuwahi kuikagua kama imetoka yote.

Daktari aliweka mikono kiunoni. "Miezi hii yote?"

"Miezi hii yote."

"Mungu wangu, mzee. Ningekukata kesho na hiyo pamba nisingeijua." Akamwita muuguzi. Hakungoja kesho.

Mwajuma alisogea karibu. Alinishika shavu, mkono wake ukiwa baridi, halafu akaukunja ngumi akanipiga begani, la upande mzima. Nilistahili.

Nilipozinduka kitu cha kwanza nilitafuta kwa macho. Bandeji ilikuwa kubwa kama tikiti, na juu yake, Alhamdulillahi, ncha ya gumba ilikuwa imechungulia. Daktari alikuja na kibakuli cha chuma. Ndani mlikuwa na uzi wa pamba mweusi, mrefu kama kidole changu kidogo, umelala kwenye usaha. Alinisogezea puani. Baada ya muda wote ule ulikuwa bado unanuka mawese.

Kupona hakukuwa lelemama. Waliliacha jeraha wazi lijae kutoka chini, na kila asubuhi walitoa shashi ya jana wakaingiza nyingine, nami nilikuwa nauma upindo wa shuka. Mstari mwekundu ulirudi nyuma kidogo kidogo. Siku niliporuhusiwa, mvua ilikuwa imetulia na watu wa Ilagala walikuwa wanashusha ndizi bandarini. Gumba langu halikunji vizuri hadi leo, na asubuhi za baridi linauma. Lakini linashika.

Asha aliponiona alisimama mbali, akavuta hewa puani, kisha akaja kukaa jamvini pangu. Nilikula kwa mkono wa kulia, nusu ya wali ukamwagika.

Lilibaki la mwaloni. Mwajuma alikuwa amepata kujua kwamba Kashindi anatengeneza vigoda uani kwa ndugu zake Wakongo waliohamia Ujiji tangu enzi za babu zao. Nilikwenda, nikamwomba aje na jiliwa lake. Alikuja, sijui kwa nini. Nikawaita vijana na wazee wote, nikafungua mkono, nikawaonyesha kovu.

"Jiliwa hili halikuvunjika," nikasema. "Nililipaka mawese mimi. Huyu alinikataza mkasikia, mkacheka, na mimi nikacheka. Kisha nikamsingizia. Mkimcheka mtu leo, nichekeni mimi."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alikohoa akatazama ziwa.

Kashindi hakusema amenisamehe. Alitazama boti, akatazama ule ubao uliojikunja, akatikisa kichwa kama mtu anayeona uchafu. Alitoa kitambaa mfukoni, akafuta taya, moja, ya pili, kisha parafujo. Akaweka kipande cha mbao. Akabana, akarudi nyuma, akagonga, akasikiliza, akakaza. Halafu akaketi juu ya gogo, na sisi sote tukaketi, wanaume wazima, kungojea jua. Hakuna aliyemtania. Lilipopanda akainuka akakaza tena.

Upande wa pili wa ubao ulihitaji mtu. Nilisimama pale, mkono wangu mbovu nimeuficha nyuma, naona ule msumari kwenye nguzo. Kashindi aliufuata msumari kwa macho, akachukua nyundo, akaulaza. Kisha akautazama mkono wangu, akangoja hadi nilipoutoa.

"Sasa shika," akasema.